Ombi la Urafiki Lililokwenda kwa Hamis Mwingine

Hadija na Elia, wanafunzi wangu, meza sasa ni yenu. Mliponiomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya ufundi nilikataa, nikasema kazi ya fundi ni kulehemu, si kuandika. Lakini siku hizi naamka bila mtu kunigongea mlango akiwa amekumbatia televisheni, na mikono imekosa kazi. Basi nitaandika. Habari za nani alinilipa nini na nani alinipa cheti gani tuziache, hazitawasaidia. Nitawaeleza nilivyoanza, halafu kesi ya ombi la urafiki, kwa sababu mashine za aina ile zinazidi kuja mezani na iko siku mtapata ya kwenu.

Nilianzia Handeni, si hapa Korogwe. Nilishuka kutoka milimani kwetu nikiwa binti, nikakaa kwa shangazi yangu aliyeolewa huko, na Kiswahili changu wakati huo kilikuwa kimejaa Kishambaa. Karibu na soko kulikuwa na kibanda cha fundi redio aliyeitwa Mzee Mhando, Mzigua mtaratibu ambaye naamini aliongea na redio kuliko alivyoongea na watu. Nikamwomba anifundishe. Akanitazama, akauliza, "Unaogopa shoti?"

"Siogopi," nikasema kwa majivuno.

"Basi hufai. Rudi ukiwa unaogopa."

Kesho yake nikarudi, nikamwambia naogopa sana. Akanipa brashi ya rangi na redio iliyofunguliwa mgongo, akasema nitoe vumbi. Nilitoa vumbi siku hiyo, na siku zilizofuata, na miezi ikapita sijashika chuma cha kulehemu. Nilidhani ananidharau kwa kuwa ni mwanamke. Baadaye nikaja kuelewa kwamba vumbi la Handeni ni ugonjwa kamili, na nusu ya vitu alivyoletewa havikuwa na ugonjwa mwingine. Hata leo, mashine ya gemu ikija mezani inanguruma kama pikipiki iliyotoboka ekzosi, msikimbilie kubadilisha feni. Fungueni, toeni vumbi, toeni na mende. Mende wanapenda joto la mashine hizo kuliko sisi tunavyopenda makochi.

Jambo kubwa nililojifunza kwa Mzee Mhando lilikuwa kuuliza. Mteja akiweka kitu mezani, mzee hakukigusa. Aliuliza kwanza: kilizimaje, nani alikuwepo, kulikuwa na harufu, umeme ulikatika? Wateja wengine walichukia, wakaona anawahoji kama polisi. Yeye aliendelea tu kuuliza kwa upole, na mara nyingi walipomaliza kujibu alikuwa ameshajua pa kufungua.

Nilipoolewa nikahamia Korogwe, nikafungua kibanda changu Manundu, hapo hapo mlipo. Zikapita redio, zikapita deki za kanda, zikaja simu, kisha mashine za gemu. Za mwanzo zilikuwa rahisi: unachomeka kwenye televisheni, pedi mbili, watoto wawili wanakaa mkekani na kugombana. Ugomvi ukizidi, mama anachomoa waya. Mpinzani wako ulimjua, kwa sababu goti lake lilikuwa linagusa la kwako.

Halafu zikaja zenye intaneti. Nakumbuka kijana wa kwanza aliyeniletea ya namna hiyo. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Akaniambia, "Shikamoo mama fundi, naomba uniunganishie marafiki." Nikaanza kutafuta waya.

Nilijifunza pamoja naye, tukiwa tumewasha intaneti ya simu yake, na bando likiisha tunasubiri. Kwa faida ya wale watakaowauliza, jambo lenyewe ni hili. Kila mchezaji ana akaunti, na akaunti ina jina alilojichagulia. Mashine nyingine hutumia namba ndefu badala ya jina. Ukimtaka mtu, unaingia sehemu ya marafiki, unaandika jina lake au namba yake, unatuma ombi. Yeye anaona ombi kwake, anakubali au anakataa. Akikubali, mnaonekana kila mmoja kwenye orodha ya mwenzake: unajua sasa hivi yupo mtandaoni, anacheza nini, unaweza kumwalika mcheze na kumwandikia ujumbe. Ila mashine haikuulizi unamfahamu vipi. Inachotaka ni jina liandikwe sawasawa, na hapo ndipo kesi yangu ilipoanzia.

Kulikuwa na binti anaitwa Tatu, mwanafunzi wa sekondari hapa Manundu, mtoto wa mama mmoja muuza vitenge. Mjomba wake wa Dar alimletea mashine iliyotumika, nami ndiye niliyeifungua, nikaisafisha na kumtengenezea akaunti. Huwa nawaambia watoto wote maneno yale yale: usiweke jina lako halisi, usiweke shule, usiweke picha yako. Tatu alinisikiliza vizuri mno. Akajiita ChuiWaManundu.

Alitaka kumwongeza binamu yake anayeishi Tanga mjini, ambaye akaunti yake ni HamisiTanga. Tatu akaandika HamisTanga, akasahau herufi i ya pili. Akatuma ombi. Siku ya pili likakubaliwa. Wakaanza kucheza mpira pamoja kila Jumamosi na Jumapili, na kuandikiana mambo ya kawaida: umefungwa, umebahatisha, subiri mama ananituma dukani. Ilichukua muda mpaka binamu halisi alipopiga simu kulalamika kwamba ombi lake halijafika. Kufikia hapo Tatu na huyo Hamis mwingine walikuwa wameshazoeana, wala Tatu hakuona sababu ya kumwacha mtu asiyewahi kumkosea.

Mama yake hakujua lolote. Alijua tu kwamba mtoto anacheza na Hamisi wa Tanga, na Hamisi ni damu yao.

Sasa, Ijumaa moja mchana, Mama Tatu aliingia kibandani kwangu akiwa amebeba mashine ndani ya kanga, na Tatu nyuma yake macho mekundu.

"Fundi, mtoe huyu mtu humu ndani," akasema, akaiweka mezani kama anayeweka nyoka.

"Mtu gani, mama?"

"Muulize mwenzako huyo."

Nikafanya alivyonifundisha Mzee Mhando, nikaacha mashine nikamgeukia Tatu. Akanieleza yote, pamoja na ile herufi. Kisha nikawasha, nikasoma ujumbe uliofika asubuhi hiyo, ule uliomfanya Tatu akiri kwa mama yake kwamba anayecheza naye si binamu. Uliandikwa hivi: *Kesho nitakuwa Korogwe. Tafadhali njoo stendi saa nne, karibu na wauza machungwa. Njoo peke yako.*

Nina binti mimi pia.

"Mtoe," Mama Tatu akarudia. "Mfute. Choma hata mashine."

Nikamweleza tofauti, nanyi ishikeni vizuri. Kuondoa urafiki ni jambo moja: anatoka kwenye orodha, lakini anaweza kutuma ombi tena kesho. Kumzuia ni jambo jingine: hakuoni, hakuandikii, kwake ni kama hupo. "Naweza kumzuia sasa hivi," nikamwambia, "na mtoto atakuwa ameepukana na mtu huyu. Lakini hutamjua ni nani. Na kama ni mtu mbaya, ataandika jina la mtoto wa mwenzio."

Akakaa. Tatu naye akasema kwa sauti ndogo, "Mama fundi, huyu siye Hamis."

"Unajuaje?"

"Hamis hajawahi kuandika tafadhali. Wala haweki nukta. Huwa ananiandikia 'niaje chui'. Huyu anaandika kama mwalimu mkuu."

Niliusoma tena ujumbe, nikazirudia zile za nyuma. Mtoto alikuwa sahihi. Aliyeandika ule wa asubuhi hakuwa yule aliyekuwa akicheza naye. Hapo ndipo hofu ilipoongezeka, maana kama akaunti ya mtu imeingiliwa na mtu mwingine, yule wa kwanza naye yuko wapi?

Tulipeleka habari kituo cha polisi. Askari wa zamu, dada mmoja mstaarabu, alisikiliza, akasema kesho atakuwepo stendi amevaa nguo za nyumbani, na sisi tusifanye ubabe wowote. Nikaiweka akaunti ya Tatu kwenye simu yangu, kwa kuwa ujumbe wa gemu unaweza kusomwa na kujibiwa kwa simu pia. Tukajibu: *Sawa nitakuja.*

Jumamosi saa nne tulikuwa stendi ya Korogwe. Tatu tulimwacha dukani kwa shangazi yake, mlango umefungwa. Mama Tatu alijifanya anasubiri basi la Moshi, na mkono mmoja ndani ya mkoba ambamo, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na mchi wa kinu. Yule askari alisimama kwa wauza maji. Mimi nilikuwa karibu na machungwa, nachagua tunda moja kwa muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kulinunua au kulioa.

Nilitazama kila mwanamume aliyekuwa peke yake. Walikuwa wengi, na wote walianza kuonekana wahalifu. Kulikuwa na mmoja hasa, mzee wa makamo aliyevaa kofia iliyofumwa kwa mkono, ameshika fimbo, anazungukazunguka pale pale kwenye machungwa na kukagua watu usoni. Nilimwonyesha Mama Tatu kwa kidevu. Mkono wake ukazama zaidi kwenye mkoba.

Nikaandika kwenye simu: *Nimefika. Wewe uko wapi?* Nikatuma, huku namtazama mwenye fimbo.

Hakushtuka. Hakugusa mfuko. Lakini hatua chache nyuma yake, kwenye benchi, mwanamke aliyejifunika ushungi wa kijivu aliinamia simu yake ghafla. Jibu likaja: *Nipo. Njoo kwenye machungwa.* Nikasema labda ni bahati tu. Nikaandika tena: *Sikuoni.* Yule mama akainama tena, akanyanyua kichwa, akaangaza huku na huku kwa macho ya mtu ambaye hajalala. Na pembeni yake, amemng'ang'ania mkono, alikaa msichana wa umri wa Tatu.

Niliweka chungwa chini nikawaendea. Yule mzee mwenye fimbo akanikata njia.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa huyo mama aliyekaa."

"Wewe ndiye Chui?"

Nilikuwa nimeshafika umri wa kuitwa bibi, na sijawahi kuulizwa hivyo. "Mimi ni fundi," nikamjibu. "Na wewe ndiye Hamis?"

Aliposikia jina hilo uso wake ulibadilika. Fimbo ikashuka. Yule mama kwenye benchi akasimama, akasema polepole, "Hamis ni mwanangu. Hamis amefariki."

Tulihamia kwenye mgahawa wa chai ulio jirani, sote, na askari wetu, na mchi wetu. Yule mama alijitambulisha: anaitwa Mama Hamis, mkulima, wametoka Handeni na basi la asubuhi. Mzee mwenye fimbo ni shemeji yake. Msichana ni Zuhura, mdogo wake Hamis. Hamis alikuwa dereva wa bodaboda, akapata ajali mwaka uliotangulia. Mashine ilikuwa yake, na jina la HamisTanga alilichagua mwenyewe. Zuhura alikuwa akiiwasha wakati mwingine, si kucheza, kutazama tu jina la kaka yake likitokea. Siku moja akakuta ombi la urafiki.

"Nilidhani ni rafiki yake ambaye hajasikia," Zuhura akasema huku ameinamia meza. "Nikakubali ili nimwambie. Halafu akanialika mchezo, nikaingia. Nikashindwa kumwambia."

"Na mimi juzi," akadakia Mama Hamis, "nafika kwa jirani aliyetuwekea mashine kwenye televisheni yake, naona mtu anamwandikia mwanangu. Mtu anaitwa Chui. Anamwambia marehemu, 'wiki ijayo usichelewe.' Nikamuuliza Zuhura huyu nani, hamjui. Hajawahi kumwona. Nikasema hili ni jitu zima linamlaghai mtoto wangu. Nikaandika mimi mwenyewe aje hapa, peke yake, nimwone."

Mama Tatu akautoa mkono kwenye mkoba, akaulaza mezani. "Dada," akasema, "Chui ni Tatu wangu. Yuko kidato cha pili. Anaogopa hata kuku."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yule shemeji. Alicheka akipiga fimbo sakafuni, na Mama Hamis akacheka huku machozi yanamtoka, na askari wetu akageuka dirishani mabega yakimtikisika. Tulikuwa watu wazima tumewindana stendi nzima, na windo lenyewe lilikuwa watoto wawili wa kike wanaopenda mpira. Ninyi mnajua kwamba Kiswahili chetu hakisemi kama mtu ni wa kike au wa kiume. Ukiandika "umefungwa", umefungwa tu. Miezi yote ile Tatu alidhani anacheza na mvulana wa Tanga, na Zuhura alidhani anacheza na kijana fulani wa kiume wa Manundu, na wote wawili hawakuona umuhimu wa kuuliza.

Askari alipoondoka, alituambia mmoja mmoja kwamba tulifanya vema kuja na watu. Nami nawaambia hivyo hivyo. Safari ile ilikuwa heri. Nyingine huenda isiwe. Mtoto akiitwa kuonana na rafiki wa mashine, aende na mtu mzima, mahali penye watu, na polisi wajue. Msimcheke mzazi anayekuja kwenu anatetemeka.

Tatu aliletwa. Alisimama mlangoni, Zuhura akasimama, wakatazamana kama watu wanaodaiana. Kisha Zuhura akasema, "Niaje, Chui." Wakatoka nje, wala hatukuwaona tena mpaka muda wa basi.

Nilipofika kibandani nikawasha jiko la chai. Nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye meza, nikasubiri ichemke.

Walirudi baada ya wiki chache, Mama Hamis na Zuhura, mashine ndani ya mfuko wa mahindi. Mama Tatu na Tatu waliwapokea stendi wakaja nao. Mama Hamis alikuwa na swali, na alilizungukia sana kabla ya kulifikia: mtoto acheze kwa jina lake, si kwa jina la marehemu. Watu wanasema, na yeye mwenyewe moyo unamuuma kila anapoona Hamis anafunga magoli. Lakini je, nikimfungulia Zuhura ya kwake, ya Hamis itafutika?

Nikamwambia hapana. Mashine moja inabeba akaunti za watu wengi kama nyumba moja inavyobeba vyumba. Hatutaigusa ya Hamis. Nikamfungulia Zuhura ya kwake. Jina alilochagua sitaliandika hapa, halimhusu mtu. Akamtumia Tatu ombi la urafiki, safari hii kwa kusomewa herufi moja moja na mwenye jina akiwa amekaa pembeni yake, na Tatu akalikubali kwa simu yangu.

"Imekwisha?" Mama Hamis akauliza.

"Imekwisha," nikasema.

Zuhura hakuweka pedi chini. Aliandika jina jingine, polepole, akahakikisha mara mbili hakuna i ya pili. Akatuma. Kisha akageuka kunitazama, nikaelewa anataka nini. Nikatoka kwenye akaunti yake, nikaingia kwenye ya kaka yake. Ombi lilikuwepo, limesimama katikati ya kioo: Zuhura anamwomba Hamis awe rafiki yake.

Nikachukua pedi, nikampa Mama Hamis. Aliishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa kifaranga.

"Nibonyeze wapi?" akauliza.

"Hapo, mama. Hicho cha chini, cha kukubali."

Akabonyeza.